Miombo Ikianza Kuwa Myekundu: Kuandaa Bustani ya Nyumbani Tabora Kabla ya Mvua

Ukitoka Tabora mjini mwishoni mwa Septemba ukashika njia ya Urambo, utaona jambo ambalo mgeni haamini mpaka alione. Tangu Mei hakuna mvua ya maana iliyonyesha, ardhi imepauka, nyasi zimeteketea, na bado miombo inachipua. Majani mapya yanatoka mekundu, mengine rangi ya shaba, msitu unawaka bila moto. Miti ile haingoji mvua. Inatumia maji iliyojiwekea shinani na yale ambayo mizizi imeyafuata chini kabisa, ili Novemba mvua ikianguka ikute majani yamekwisha kukomaa.

Hiyo ndiyo kalenda yangu. Mimi ni mama lishe, kibanda changu kiko karibu na stesheni, na mboga nyingi ninazopika zinatoka uani kwangu Isevya, kwenye kipande cha hatua 20 kwa 15. Mboga nitakayopakua Desemba naiandaa sasa hivi, vumbi likiwa bado linapanda mpaka madirishani. Wenye nchi za baridi husafisha bustani zao Februari na Machi, theluji inapoanza kuyeyuka. Kwetu baridi ya Juni na Julai haiui kitu. Kinacholaza bustani ya Tabora ni kiu, na kiu hiyo inakwisha kwa siku moja tu ya mvua. Siku hiyo ikukute umemaliza.

Weka kiberiti jikoni

Naanza na hili kwa sababu ndilo linaloniuma zaidi. Ikifika Agosti, mji mzima unanuka moshi. Porini kuna moto kichaa, na majumbani kila mtu anafagia uwanja, anarundika majani, anachoma. Nami nilifanya hivyo kwa miaka mingi. Majani ya mwembe na ya mpera nilikuwa nayasukumia kona moja, jioni nayawasha, asubuhi uwanja unang'aa na mimi najiona mwanamke wa usafi. Kisha mpera uliokuwa karibu na kona ile ukaanza kukauka upande mmoja, upande uleule wa moto. Gome lilipasuka, matunda yakawa madogo kama kokwa za ukwaju, na mwaka uliofuata nusu ya mti ikafa. Nilipochimba pale palipokuwa na rundo, udongo ulikuwa umeiva kama kigae. Hapakuwa na mnyoo hata mmoja.

Sehemu kubwa ya udongo wetu ni kichanga. Uchote mkavu kiganjani, unapita katikati ya vidole kama sukari. Udongo wa namna hiyo haushiki maji wala haushiki mbolea. Kinachomshikia mkulima ni mboji tu, yaani majani yaliyooza yakawa meusi. Ukiyachoma, naitrojeni inaondoka na moshi. Yanabaki majivu, ambayo yana potasiamu na kalisiamu, ni kweli, lakini mvua kubwa ya kwanza inayasomba mpaka mtaroni. Umefagia chakula cha ardhi yako ukakipeleka barabarani.

Kwa hiyo majani yote yanayoanguka kuanzia Juni usiyatoe uani. Yarundike kivulini, yakate kwa panga yakiwa makavu, hasa ya mwembe ambayo ni magumu na yanachelewa kuoza. Mwezi wa kumi utayahitaji yote, na utatamani yangekuwa mengi zaidi.

Kuna vitu vichache ambavyo mimi mwenyewe nachoma, nitavitaja mbele.

Saa za kazi na vifaa

Oktoba ndio mwezi wetu wa joto kali. Ingia bustanini saa 12 asubuhi, toka saa 3. Ukikazana mpaka saa 6 mchana utaumwa kichwa siku nzima, na kesho yake hutarudi.

Jembe lililolegea kwenye mpini liloweke kichwa na mpini pamoja ndani ya ndoo ya maji usiku kucha. Mti unavimba, unakaza. Panga na fyekeo vipige tupa. Mkasi wa kupogolea ufute kwa spiriti au maji ya klorini kila unapotoka mti wenye ugonjwa kwenda mti mzima. Reki ya chuma ni nzuri kwa udongo, ila kwa majani mimi natumia ufagio wa nje wa vijiti, hauchimbi.

Kabla ya kugusa rundo lolote la kuni, matofali au mabati ya zamani, ligonge kwa fimbo ndefu na usubiri kidogo. Kiangazi chote nyoka na nge wamekaa humo kwa sababu ndimo penye ubaridi. Vaa buti, na kwa uzito wote nasema: watoto wasitumwe kazi hii.

Kung'oa vya zamani

Nyanya za kiangazi sasa zimechoka. Zing'oe na mizizi yake, usizikate juu juu, kwa sababu mizizi ina habari ya kukupa. Ukiona imevimba vinundu vinundu, kama shanga zilizotungwa ndani ya uzi, hao ni minyoo fundo. Mmea wenye minyoo hiyo, pamoja na wenye mabaka meusi ya ukungu kwenye shina, usiutie kwenye mboji. Hivi ndivyo vile vitu vichache ninavyochoma, ndani ya shimo, siku isiyo na upepo. Na mahali pale msimu huu usipande nyanya, bamia wala ngogwe, yaani nyanya chungu. Panda mahindi.

Usichanganye vinundu hivyo na vile vya kunde na choroko. Vya kunde vimebandikwa pembeni mwa mzizi, ukivikwangua kwa ukucha vinabanduka, na ni neema tupu, maana ndani yake wanakaa bakteria wanaokamata naitrojeni ya hewani. Kunde zikate usawa wa ardhi, mizizi iachie udongo.

Mashina ya bamia na ngogwe yaliyo safi yakate vipande vya shibiri moja, uyaweke pamoja na majani.

Matuta: kazi aliyonifunza mama mkwe

Hapa nitakaa kidogo, maana hii ndiyo bustani yenyewe.

Nilipoolewa nilikuja na desturi ya kulima sesa, ardhi tambarare. Mama mkwe, Mnyamwezi wa Sikonge, alinitazama siku mbili bila kusema neno. Siku ya tatu akachukua jembe akaniambia, "Mwanangu, tuta la mwaka jana ni mfuniko wa chungu cha mwaka huu." Wazee wa Unyamwezi walikuwa wakilima matuta na kuzika nyasi ndani yake tangu zamani sana, kabla ya mbolea ya dukani, na udongo uleule wa kichanga ukawalisha.

Inafanyika hivi. Una matuta ya mwaka jana na mitaro katikati yake. Usiguse matuta kwanza. Mwishoni mwa Septemba na Oktoba jaza mitaro: chini weka vitu vigumu, mashina na vijiti vyembamba, juu yake majani makavu, uyakanyage mpaka yafike nusu ya mtaro, juu ya majani mwaga samadi iliyoiva, debe 1 kwa kila hatua 3. Kama una udongo wa kichuguu, mwaga tabaka jembamba pia. Udongo ule una mfinyanzi na kalisiamu kuliko kichanga chetu, ndiyo maana majani yanayoota juu ya kichuguu siku zote yako kijani kuliko ya pembeni. Ukiweza nyunyizia keni 1 ya maji kila baada ya hatua 3, kisha acha.

Mvua ya kwanza ikishalainisha ardhi, ndipo unapasua tuta la zamani katikati. Nusu moja unaivutia mtaro wa kushoto, nusu nyingine wa kulia. Pale palipokuwa na mtaro sasa pana tuta jipya, na tumboni mwake majani yanaoza polepole yakishika maji kama sifongo. Januari au Februari mvua inapokatika wiki mbili, matuta yangu hayanyauki upesi.

Onyo moja ambalo nililipata kwa hasara. Mwaka wa kwanza nilizika majani makavu matupu, bila samadi. Ngogwe zikaota, zikageuka njano, zikakaa wiki 5 bila kusogea. Wadudu wanaoozesha majani makavu wanahitaji naitrojeni, na wasipoipata ndani ya majani wanaichukua kwenye udongo, mboga inakosa. Samadi isikosekane. Na iwe imeiva, imekaa miezi 3 au zaidi, haina harufu ya kuchoma pua, ukiipasua hairuki mvuke. Ya kuku ni kali zaidi. Weka nusu ya kipimo cha ng'ombe.

Majivu ya jikoni ninayo mengi, kazi yangu ni ya mkaa. Kiganja kimoja kwa mita moja ya mraba kinatosha kwa msimu. Usiyachanganye na samadi siku moja, yanafukuza naitrojeni yake hewani. Mimi naweka samadi Oktoba, majivu yanasubiri mpaka mboga zimeshika.

Mchwa watakuja. Tabora bila mchwa haipo. Nilivyoona mimi kwa miaka yote hii, ukiwaachia majani makavu ya kula wanashughulika na hayo. Uwanja uliofagiliwa mpaka ukawa mtupu ndio wanapanda kwenye miche. Ila majani yasiguse shina la mti wowote mchanga. Acha nafasi ya shibiri kuzunguka shina.

Matembele ya bafuni

Mbegu ya matembele ni mashina yake, na mashina hayavumilii kiangazi cha miezi 6. Kila mwaka mvua ikinyesha watu wanahangaika kutafuta marando, wanayanunua kwa bei ya kuumiza, wengine wanayafuata mabondeni kwenye mbuga. Sisi tunayahifadhi nyuma ya bafu. Maji ya kuogea yanatoka kwa bomba fupi yanaingia kwenye kijibustani cha hatua 3, humo yanakaa matembele kijani mwaka mzima pamoja na migomba miwili.

Mwanzoni mwa Oktoba kata marando kutoka hapo, kila kipande kiwe na vifundo 3 au 4, zika vifundo 2. Panda karibu karibu kwenye kitalu kimoja chenye samadi, mwagilia jioni. Baada ya wiki 6 kitalu kimoja kitakupa marando ya kutosha matuta manne. Chagua kwenye mmea wenye majani mapana yaliyonyooka. Wenye majani yaliyojikunja na madoa ya njano una virusi, ung'oe kabisa hata kama unauonea huruma.

Miti na uzio

Mwembe usiukate sasa. Watu wengi wakishika panga la usafi wanamaliza na matawi ya mwembe, na wakati huo mti umebeba maembe machanga. Toa matawi makavu tu. Kupogoa mwembe ni baada ya mavuno, Februari hivi. Kinachohitajika sasa ni kuokota kila tunda linaloanguka, na kuendelea kuokota mpaka Januari. Nzi wa matunda aliyetoka Asia alionekana Afrika Mashariki mwaka 2003, na tangu hapo embe lililolala chini siku 3 ni kiwanda cha nzi. Yatie ndani ya mfuko mweusi wa plastiki, ufunge kabisa, uuweke juani wiki nzima, funza wanakufa kwa joto. Au yazike, udongo wa juu usipungue nusu mita.

Mpera na mndimu ndio wa kupogolewa sasa. Toa matawi makavu, yanayosuguana, na machipukizi yanayopanda wima kutoka chini. Kata karibu na shina mama bila kuacha kisiki. Mawaridi kata mpaka usawa wa goti, juu kidogo ya jicho linalotazama nje, mkato uwe wa mshazari ili maji yasikae.

Uzio wa minyaa unahitaji heshima. Utomvu wake mweupe ukiingia jichoni unachoma vibaya, unaweza kumtia mtu upofu wa siku kadhaa na hata kudhuru jicho kwa muda mrefu. Vaa miwani, mikono mirefu, glavu, na usijifute jasho kwa mkono ulioshika panga. Ukipata tone jichoni, mwagia maji safi mengi, dakika 15 au zaidi bila kukoma, kisha nenda hospitali. Vipande ulivyokata vinavyofaa kupanda kwenye mapengo viache vikauke jeraha siku chache kwanza. Vilivyobaki usivichome, moshi wake unawasha macho ya mtaa mzima.

Bati, gata na pipa

Maji ya bomba kutoka Ziwa Victoria yamefika mjini kwetu, nashukuru, lakini ankara inakuja kila mwezi. Maji ya bati hayana ankara. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Bati lenye mita 42 za mraba, kama nyumba ndogo ya vyumba viwili, likipata mvua ya milimita 10 linamwaga lita 420. Hata kama robo inapotea kwa kuruka na kuvuja, unabaki na pipa moja na nusu kwa mvua moja ya kawaida.

Panda juu ya paa kabla ya mvua, si wakati wa mvua. Toa majani na viota ndani ya gata, kaza waya zilizolegea. Mvua ya kwanza yote iache ipite, inaosha vumbi la miezi 6 na kinyesi cha ndege. Pipa lifunikwe kwa chandarua kilichokazwa, mbu wasitage. Kwa ajili ya mbu hao hao geuza kila kifuu, tairi na kopo lililoko uani.

Mitaro ya kuzunguka nyumba izibuliwe. Ile ya kwangu inajaa mchanga kutoka barabarani kila mwaka. Nauchota na kuutumia kwenye kitalu.

Mbegu

Jaribu mbegu za mwaka jana kabla hujazitegemea. Hesabu 10, zikunje ndani ya kitambaa chenye unyevu, weka karibu na jiko pasipo moto mkali, kitambaa kisikauke. Siku ya 7 fungua uhesabu. Zikiota 8 ni nzuri. Zikiota 5, panda mara mbili ya kawaida. Zikiwa 3, wape kuku.

Kitalu cha ngogwe na pilipili anza katikati ya Oktoba chini ya kivuli cha nyasi, ili miche ifikishe wiki 5 au 6 ardhi ikiwa imelowa. Nyanya mimi sipandi nyingi msimu wa mvua. Ukungu unazimaliza, unapulizia dawa kila wiki, na mwisho unauza hasara. Nyanya ni zao la kiangazi, la mtu mwenye maji. Mvua niachie bamia, maboga, mlenda, kunde za majani, mchicha na matembele. Wateja wangu hawajawahi kulalamika.

Mvua ya kwanza ikidanganya

Mara nyingi mwishoni mwa Oktoba inanyesha moja, yenye upepo na radi, vumbi linatoa ile harufu, watu wanatoka nje na mbegu mikononi. Kisha jua siku 12. Mbegu imevimba, imechipua, imekufa.

Chimba shimo dogo kwa jembe la mkono. Unyevu ukiishia kwenye urefu wa vidole, rudisha mbegu nyumbani, usipande. Ukifika kina cha mkono mzima kutoka ncha ya kidole mpaka kifundo, na ukiuminya udongo unashikana kama donge la ugali, na kumbikumbi wametoka jioni moja au mbili, anza. Siku hiyo unapasua matuta, sio kesho. Usiku unaotangulia loweka bamia kwenye maji ya uvuguvugu, ganda lake ni gumu. Mbegu za mchicha changanya na mchanga mkavu, sehemu 1 ya mbegu kwa 5 za mchanga, ili zisiangukie mahali pamoja, kisha funika kwa udongo mwembamba kiasi cha unga unaonyunyizwa kwenye meza ya chapati. Zikitoka mapema, wiki ya nne una fungu la kwanza la kung'oa, na hapo marando ya bafuni nayo yanakuwa tayari kuhamia kwenye matuta.